Kuirekebisha pikipiki kuukuu imfae anayeanza kuendesha

Mpwa wangu alipata pikipiki kuukuu ya cc 125 iliyokuwa imelala bandani miaka kadhaa. Siku ya kwanza alikuja na picha za matangi yaliyopakwa rangi. "Mjomba, tuanze na rangi." Nikamkalisha juu ya kiti: vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini, na klachi akaivuta kwa mikono miwili. Rangi ikasogezwa mwisho wa foleni.

Hatua ya 1: Ifufue kwanza

Oili, plagi, betri, kabureta. Haya unayajua. Mafuta ya breki yamwage yote uweke mapya, maana hunyonya unyevu hata pikipiki ikiwa imesimama tu. Tairi zisome ubavuni: tarakimu nne kama 2319 maana yake ni tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa na kuteleza kwenye maji hata kama meno bado yamejaa. Asiyejua kuendesha bado asijifunzie juu ya tairi la namna hiyo.

Hatua ya 2: Kiti

Wengi hukimbilia kufunga shokapu fupi za nyuma. Mimi sipendi. Ukishusha nyuma, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama wima, na upepo kidogo tu unaiangusha upande wa pili. Anza na sponji. Vua gamba la kiti, kisha uchonge pembeni mwa pua yake kabla ya kugusa kimo, kwa sababu upana ndio unaotanua mapaja na kuinua nyayo. Sisi tulichonga pembeni pekee na nyayo zikatua. Ikiwa mwendeshaji ni mwepesi, legeza pia springi za nyuma hadi ngazi ya chini kabisa, zote mbili sawasawa.

Hatua ya 3: Usukani na klachi

Tulifunga usukani ulioinuka kidogo ili asilalie mbele. Waya wa klachi tukautupa tukaweka mpya, tukauacha na mchezo (ulegevu kabla klachi haijaanza kuvuta) wa milimita 2 au 3 kwenye mkono. Sikubali kuutia oili wa zamani uliokwisha kuchanika nyuzi. Na spana malaya isikaribie pikipiki hii, inakula pembe za nati.

Hatua ya 4: Waya za shingoni

Hapa ndipo siku nzima ilipopotelea. Pikipiki iliwaka vizuri na kunyoosha vizuri, lakini kila akikata kushoto polepole, inazima. Nikashika wimbo mmoja: "Achia klachi taratibu!" Akaamini kosa ni lake, nami nikaamini hivyo hivyo. Nikafungua kabureta mara mbili, nikabadilisha plagi. Jioni, ikiwa imesimama inanguruma, nikageuza usukani kushoto kwa mkono. Ikazima. Maskini mtoto wa watu, klachi yake haikuwa na kosa.

Usukani mpya ulikuwa umevuta waya, na ule wa swichi ya kuzimia ukasagika kwenye fremu. Katika pikipiki nyingi ndogo zenye CDI, yaani kisanduku cha umeme kinachoipa plagi cheche, injini huzimwa kwa kuupeleka waya huo kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Ukichubuka na kugusa chuma, ni sawa na kubonyeza swichi. Kuhakikisha, uchomoe pale CDI kisha ugeuze usukani tena. Lakini jua kwamba hapo swichi haitazima, na kwenye baadhi ya pikipiki hata ufunguo hautazima. Itakubidi uingize giya, ushike breki, uachie klachi.

Kuna pikipiki nyingine ambazo swichi hiyo hupitisha umeme wenyewe wa kuwashia, na ukikatika injini huzima. Huko tatizo huwa kinyume: waya umekatikia ndani ya ganda na kwa nje hauonyeshi kitu. Uvute taratibu. Ukinyumbuka kama mpira, shaba imekatika. Unga kwa risasi, mbali na mahali pa kupindia, maana panapoungwa hukakamaa na waya utakatika jirani yake. Kusokota na kufunga utepe si kuunga.

Ukimaliza, geuza usukani hadi mwisho pande zote injini ikinguruma. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta umebana. Usimpe mtu mpaka uupitishe njia nyingine, la sivyo siku moja pikipiki itamkimbiza kwenye kona.

Hatua ya 5: Sproketi

Kwenye sproketi, magurudumu ya meno yanayobeba cheni, punguza jino moja mbele. Yetu ilikuwa 15 mbele na 42 nyuma. Tukaweka 14, uwiano ukatoka 2.8 hadi 3.0. Inaondoka kwa upole zaidi, na mwendo wa juu unapungua, hasara ambayo anayeanza haimuumizi. Cheni ikaze upya.

Hatua ya 6: Itaanguka tu

Vishikio vya mikono ya breki na klachi vikaze kiasi cha kutosogea mtu anapoendesha, ila vizunguke vikipigwa. Siku ya pili aliiangusha ikiwa imesimama. Mkono wa klachi ukajipinda, tukaurudisha, akaendelea.

Baada ya kilomita 100 hivi pitia tena nati za ekseli, bolti za usukani na spoku. Tulikuta bolti mbili za usukani zimelegea. Rangi bado hatujapaka.