Siku moja na watoto Hifadhi ya Arusha: mbega, twiga na maziwa ya Momella

Familia nyingi za Arusha na Moshi zikitaka kwenda kuona wanyama huwaza Tarangire au Ngorongoro, ilhali Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko mlangoni. Kwa watoto, hii ndiyo ya kuanzia. Kutoka Arusha mjini unafuata lami ya Moshi hadi Usa River, unachepuka kushoto, na baada ya kama kilomita 10 umefika lango la Ngongongare. Humo kuna msitu wa mlimani, uwanda wa nyasi, kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella, vyote vikiwa chini ya Mlima Meru wenye mita 4,566. Unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila mtoto kushinda kutwa nzima kwenye kiti cha gari.

Waambieni watoto tangu nyumbani kwamba hawataona simba. Mtoto aliyeahidiwa simba atampita mbega, yule wa jamii ya kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe, bila kumtazama. Aliyeahidiwa mbega ataimba jina lake njia nzima.

Kabla ya siku yenyewe

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu getini. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, kadi au benki. Mtandao ukisumbua pale langoni, dakika 40 za asubuhi zinakwenda bure, na hizo ndizo dakika bora za siku nzima, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu mbili za mitandao tofauti. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Beba vitambulisho vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini na askari ana haki ya kuuliza uthibitisho. Gari nalo hulipiwa. Matembezi kwa miguu na mtumbwi vina malipo yake, na pia masharti ya umri, hivyo pigieni hifadhi siku chache kabla mkiwataja watoto wenu kwa umri wao.

Kuhusu gari: wakati wa kiangazi Noah iliyoinuliwa inafika sehemu nyingi. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, udongo wa majivu ya volkano unateleza kama sabuni na miteremko ya Ngurdoto inataka gari la magurudumu manne. Jazeni mafuta Usa River kwa sababu ndani hakuna kituo. Kagueni tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu kwa kuvigusa kwa mkono. Kuambiwa na dereva kwamba vipo hakutoshi. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka ovyo, na kusubiri jeki kwa saa nzima na watoto wawili wenye njaa kunaharibu safari kuliko mvua.

Miezi ya kuchagua ni Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba. Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi ya asubuhi, hasa kwenye ukingo wa Ngurdoto unaopita mita 1,800. Kila mnapopanda mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6, kwa hiyo mtoto aliyevaa fulana mjini atatetemeka kule juu. Mvalishe tabaka tatu: fulana, sweta, na koti lisilopitisha upepo. Sweta moja zito halifai, kwa kuwa saa 5 asubuhi atalivua, na likitanda wingu hatakuwa na kitu cha katikati.

Maji ni lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto, kwenye chupa za kujaza tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, basi tumieni vikapu au mifuko ya kitambaa. Chakula kiwe cha kuliwa bila kupashwa moto: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi. Kikae kwenye vyombo vyenye mifuniko inayobana. Nyani anajua sauti ya mfuko unaofunguliwa, na dirisha lililo wazi kiganja kimoja linamtosha kuingiza mkono.

Darubini, na namna ya kuiweka sawa

Darubini moja nzuri kwa familia inatosha, ila isiwe ya kukuza mara 10 au zaidi. Inakuza pia mtetemeko wa mkono, na mtoto ataona majani yanacheza tu. Chukueni ya mara 8, au mara 6 kwa mtoto mdogo, na iwe nyepesi.

Waipange nyumbani, siyo porini. Kwanza kunja bawaba ya katikati mpaka mtoto aone duara moja badala ya mawili. Nafasi kati ya macho yake ni ndogo kuliko yako, na hapa ndipo wengi hukosea kisha wakadhani mtoto hajui kutazama. Pili, funika lenzi ya kulia kwa kiganja na uzungushe kigurudumu cha katikati hadi jicho la kushoto lione maandishi ya mbali bila ukungu. Tatu, funika ya kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia hadi maandishi yaleyale yakae sawa. Kuanzia hapo ni kigurudumu cha katikati pekee kinachoguswa. Mwishowe mfundishe jambo la maana kuliko yote: akimwona mnyama kwa macho, asiondoe macho pale. Darubini ndiyo iletwe machoni. Akiinamisha uso kutafuta darubini, mnyama amempotea.

Wa chini ya miaka 5 mpe bomba la karatasi ngumu. Halikuzi kitu, lakini linamfundisha kuelekeza jicho sehemu moja, na mkubwa wake anabaki na darubini kwa amani.

Asubuhi: msituni kwanza

Ondokeni Arusha saa 12 kamili. Mkiingia hifadhini mtakutana na uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo, ambako mara nyingi kuna pundamilia, nyati na twiga. Simameni hapo robo saa tu, kisha mpande barabara ya msitu kuelekea Ngurdoto. Twiga watawangoja hadi mchana. Mbega hawangoji.

Mbega anakula majani, na majani hayampi nguvu haraka. Tumbo lake lina vyumba vinavyochachusha chakula polepole, hivyo asubuhi yenye baridi hupanda kileleni mwa mti kuota jua. Kati ya saa 1 na saa 3 kundi zima linaweza kuwa limekaa wazi kwenye matawi ya juu, manyoya meupe ya mgongoni na mkia yakining'inia. Jua likipanda hushuka kwenye kivuli cha majani, na hapo unaweza kupita chini yao mara kumi usiwaone.

Fanyeni hivi. Gari liende mwendo wa mtu anayekimbia polepole, madirisha nusu wazi. Mmoja atazame kushoto, mwingine kulia, na wote watazame juu ya miti mahali jua linapopiga. Msitafute mnyama mzima. Tafuteni kitu cheupe kinachoning'inia, au tawi moja linalotikisika wakati mengine yametulia. Mkiona, simamisheni gari pembeni na mzime injini. Hili la kuzima injini ndilo lenye faida kuliko kifaa chochote mtakachonunua. Injini ikinguruma, mbega hutulia na kujificha. Ikizimwa, baada ya dakika 5 hadi 10 wanaendelea na shughuli zao, na nyie mnaanza kusikia: mabawa mazito ya hondohondo, matunda yakidondoka, kima wakiitana. Wekeni dakika 20 kwa kundi moja. Familia inayokaa dakika 20 chini ya mti mmoja huona mengi kuliko inayozunguka barabara zote za hifadhi.

Dakika hizo zinahitaji kazi kwa watoto, la sivyo dakika ya tatu wataanza kugombana. Mpe kila mmoja swali la kujibu kwa macho. Yuko wapi mtoto mchanga? Mbega huzaliwa akiwa mweupe mwili mzima na hubadilika rangi anapokua, kwa hiyo kitu cheupe chote kifuani mwa mama ndicho kichanga. Je, mbega ana dole gumba? Kwa darubini wataona kwamba mkono wake una vidole vinne virefu tu, na gumba ni kinundu kisichofaa kushikia. Nani anabebwa, nani anasafishwa manyoya, nani anaruka wa kwanza? Waandike au wachore kwenye daftari.

Kima huchanganyika nao mara nyingi. Yeye ni wa kijivu iliyokoza, anapenda matunda, na haachi kuhangaika. Chini ya miti angalieni pia funo, swala mdogo mwekundu wa msituni. Na mkimwona digidigi mmoja kichakani, tafuteni wa pili karibu, kwa kuwa huishi wawili wawili.

Ukingo wa Ngurdoto

Kreta ina upana wa kama kilomita 3 na watu hawateremki ndani yake. Inatazamwa kutoka ukingoni tu. Vituo vya kutazamia vipo kadhaa, kikiwemo Leitong kilicho juu zaidi. Ukungu ukiwa umejaa, msikate tamaa wala msingoje zaidi ya nusu saa. Mtoto ashikwe mkono hapo muda wote, hata kama ana miaka 9. Nyati walioko chini huonekana kama nukta nyeusi kwenye nyasi za kinamasi, na hapa darubini iliyopangwa nyumbani inalipa.

Momella

Teremkeni maziwani kabla ya saa 5. Kukipambazuka bila wingu, Meru inaonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, lakini mara nyingi mawingu hufunika yote kabla ya mchana. Wakubwa kidogo waelezeni mahali maziwa yalipotoka: maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wa Meru uliporomoka, mawe na tope vikamwagika hadi huku, na mabonde yaliyobaki yakajaa maji. Waonyesheni pengo lenyewe mlimani, bado liko wazi.

Maji ya Momella ni ya magadi, na kila ziwa lina kiwango chake na mwani wake, ndiyo sababu rangi hazifanani. Heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo, hufuata mwani huo. Idadi yao hupanda na kushuka kulingana na kina cha maji. Pengine ni maelfu, pengine wachache, na hakuna mwongoza watalii anayeweza kukuahidi. Wakiwepo, mtoto atazame jinsi mdomo unavyoingia majini ukiwa umegeuzwa juu chini. Wale wa kijivu ni wadogo ambao chakula bado hakijawapa rangi.

Kuleni kwenye eneo la mapumziko lililotengwa, siyo garini njiani. Maganda ya ndizi na mayai yarudi nyumbani nanyi. Kima au nyani akizoea makombo huanza kunyang'anya, na akishaanza kuuma watu, mwisho wake huwa risasi.

Kutembea na askari

Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia huanzia upande wa lango la Momella, mkisindikizwa na askari mwenye silaha. Kwa miguu ya mtoto tengeni muda wa saa 2 hadi 3, kwenda na kurudi. Mnavuka uwanda wa nyasi wenye nyati, ngiri na twiga, kisha mnapanda kidogo msituni.

Nyati ndiye wa kuheshimiwa, hasa dume mzee aliye peke yake, maana hana kundi la kumwonya na hushtuka mkiwa karibu mno. Tembeeni mstari mmoja, askari mbele, mtu mzima nyuma kabisa, watoto katikati. Askari akiinua mkono, wote wanasimama na kunyamaza. Akisema rudini, mnarudi polepole bila kukimbia na bila kumpa mnyama mgongo. Mfanye zoezi hili mara mbili kabla ya kuondoka getini. Mtoto asiyeweza kunyamaza dakika 10 abaki na mzazi mmoja garini. Hajakosa kitu, atakuja mwakani.

Uzuri wa miguu ni alama za ardhini. Kwato za twiga ni ndefu kama rula ya shuleni, lakini kinyesi chake ni vidonge vidogo, na watoto hawaamini mpaka wakiona vyote viwili pamoja. Twiga mwenyewe akiwa karibu, watazame pembe: jike ana shungi la nywele nchani, dume pembe zake zina upara.

Vaeni suruali ndefu na mwingize miguu ya suruali ndani ya soksi. Msituni, hasa baada ya mvua, siafu hukata njia. Ukiona mstari mweusi unaotembea, vuka kwa hatua ndefu na usisimame karibu. Mtoto akiumwa, msogeze mbali kwanza ndipo mng'oe siafu mmoja mmoja kwa kushika kichwani, kwa kuwa akikatika katikati taya hubaki.

Anzeni kutoka saa 10 jioni, kabla usingizi na kichefuchefu cha gari havijakutana. Usiku mkioga, kagueni kupe nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na nyuma ya masikio ya kila mtoto. Kupe akipatikana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja bila kumsokota, wala msimpake mafuta ya taa. Osha pale kwa sabuni na uandike tarehe. Homa ikija ndani ya wiki mbili, mwambieni daktari kwamba mtoto aling'atwa na kupe, na lini.