Kiegemeo cha kiwiko katika gari dogo la manuali: namna ya kukipima kabla ya kukilipia

Magari mengi madogo ya manuali tunayoyanunua huku Tabora yakiwa yameshatumika hayana kiegemeo cha kiwiko kati ya kiti cha dereva na cha abiria, na wenye magari hayo huanza kukitamani wanapofunga safari ya Kigoma kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza, ambako mkono wa kushoto hukaa muda mrefu bila kazi wala mahali pa kutua. Tamaa hiyo ina sababu. Hata hivyo, kifaa ambacho katika gari la otomatiki ni starehe tupu, katika gari la manuali hukaa palepale ambapo kiwiko kinatakiwa kupita, na kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji si kama kina ngozi nzuri au sehemu ya kuwekea chupa, bali ni kama kinaweza kuondoka njiani.

Ili kuelewa sababu, kaa kwenye gari likiwa limezimwa, ukanyage klachi hadi mwisho, kisha upitishe gia zote moja baada ya nyingine huku ukikiangalia kiwiko badala ya kiganja. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, na katika mpangilio uliozoeleka gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria, ya tatu na ya nne katikati, na ya tano upande wa dereva, karibu na paja lake. Zile za witiri husukumwa mbele na hazina tatizo. Za shufwa huvutwa nyuma, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu unapoivuta gia ya pili kiwiko hurudi nyuma na papo hapo hutanuka kuelekea kwa abiria, yaani juu kabisa ya mahali ambapo kiegemeo kingekuwa. Dereva ambaye kiwiko chake kinagota hapo huanza kuvuta gia kwa kifundo cha mkono peke yake. Gia haiingii sawasawa, na lawama huangukia klachi isiyo na kosa.

Kipimo cha uhakika hakihitaji fundi. Rekebisha kwanza kiti chako kama unavyokaa siku zote, kwa maana mtu mfupi anayesogeza kiti mbele huacha kiegemeo nyuma ya kiwiko chake ikiwa kimefungwa kwenye sakafu, wakati kile kilichofungwa ubavuni mwa kiti husogea pamoja naye. Shusha mabega, kunja mkono kama unayeshika gia, na umwombe mwenzako apime kwa tepu kutoka kwenye kalio la kiti hadi chini ya kiwiko. Kisha kata katoni, ikunje iwe boksi ambalo uso wake wa juu utafikia kimo hicho, uifunge kwa utepe wa gundi kati ya viti, na uendeshe nayo mtaani polepole kwa siku chache. Katoni ikibonyea kwenye ukingo wake wa mbele, umeshaona ni sehemu gani kiegemeo kitakuzuia, na ni afadhali ibonyee katoni kuliko kununua kifaa cha kuja kukitupa stoo. Mara nyingi jibu ni kukipunguza urefu wa mbele, au kukishusha kidogo chini ya kiwiko, kwani kilicho juu mno hunyanyua bega na kuleta maumivu yaleyale uliyokuwa ukiyakimbia.

Hendibreki ndiyo mtihani wa pili, na kwa anayeendesha Kigoma mjini ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Barabara inayopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga haina huruma kwa dereva wa manuali aliyesimamishwa katikati ya mlima: anahitaji kuishika hendibreki, kuachia klachi hadi injini ianze kuvuta, ndipo aishushe. Kama kiegemeo kimeshuka juu ya hendibreki, mkono hauna nafasi ya kuinyanyua hadi mwisho, na kuna vingine ambavyo hata vikiinuliwa hubakiza bawaba inayokwaruza vidole. Jaribu hili dukani kabla ya kulipa. Jaribu pia kufunga na kufungua mkanda wa usalama, wa kwako na wa abiria, kwa kuwa vifungio vyake viko pembezoni mwa nafasi hiyohiyo nyembamba.

Kwa gari dogo napendelea kile cha kufungwa ubavuni mwa kiti cha dereva, chenye bawaba ya kukiinua kikasimama sambamba na mgongo wa kiti. Vile vya boksi linalochomekwa tu kati ya viti bila kufungwa siviungi mkono hata kidogo, maana breki ya ghafla hulitupa boksi mbele, na likiangukia miguuni mwa dereva linaweza kuziba pedali.

Ukiamua kutengenezewa, fundi wa Tabora atakushauri mninga, na uzuri wa mninga hauna ubishi, lakini kipande kizito chenye kona kali karibu na mbavu za watu wawili si cha kuwekwa kwenye gari. Plaiwudi nyembamba iliyozungushwa kingo, sponji ngumu na ngozi bandia vinatosha. Mkataze fundi kutoboa sakafu kwa kubahatisha: chini ya plastiki ya katikati hupita waya wa hendibreki na nyaya za umeme, na katika magari mengi yenye mifuko ya hewa, kifaa kinachoiamuru ifumuke hukaa hapohapo. Bolti zinazoshikilia vifungio vya mikanda nazo zisiazimwe kwa kazi hii.

Mjini kiinue na ukisahau. Kwenye lami ndefu, gia ya tano ikiwa imetulia, kishushe, na faida yake nyingine itaonekana: mkono hautabaki umelalia rungu la gia, tabia inayosukuma uma wa ndani ya gia boksi, yaani kipande kinachosogeza gia, na kuuchakaza taratibu. Ukikaribia kijiji chenye kibao cha kilomita 50 kwa saa na matuta yake, kiinue mapema, kabla ya kuhitaji gia ya tatu na ya pili. Baada ya safari ya kwanza yenye vumbi na makorongo, kaza upya skrubu za bawaba, kwa sababu mtikisiko huzilegeza, na bawaba iliyolegea huangusha kiegemeo chenyewe wakati mkono uko kwenye gia.