SOMO: Ofisi yenye joto Dar, punguza jua kwanza ndipo ununue kiyoyozi

Wakuu, kila wiki naletewa swali lile lile: "Ofisi inachemka, ninunue kiyoyozi cha BTU ngapi?" (BTU ni kipimo cha nguvu ya kiyoyozi kupoza.) Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Mfano wangu ni jengo la aina iliyojaa Dar: ghorofa tatu, matofali ya inchi sita, paa la bati, dari ya singibodi, madirisha ya aluminiamu ya kuteleza.

Hatua ya 1. Kabla hujagusa kitu, soma mita ya umeme ya LUKU kila asubuhi kwa wiki mbili, uandike. Tundika kipimajoto kinachopima na unyevu kila ghorofa.

Hatua ya 2. Tyubu za zamani za wati 36 toa, weka za LED za wati 18. Choki na stata, vifaa vya kuwashia tyubu za zamani, navyo vitoke.

Hatua ya 3. Jua. Bati lioshwe, lipakwe rangi nyeupe ya kuakisi. Chini yake weka foili (karatasi ya alumini inayong'aa), uache nafasi ya hewa katikati. Foili ikigusana na bati joto linapita kwa urahisi zaidi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosini na kibaraza kifupi juu ya dirisha kinatosha. Kazi iko mashariki na magharibi. Saa kumi jioni jua linaingia ubavuni, linapita chini ya kibaraza mpaka mezani. Hapo panataka vizuizi vya kusimama wima au matofali ya matundu, na viwe nje ya kioo. Pazia la ndani linakinga macho tu, joto limeshaingia.

Hatua ya 4. Osha filta na koili za viyoyozi ulivyonavyo. Mashine ya nje isibanwe uchochoroni ikavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe.

Hatua ya 5. Kuchagua kiyoyozi na kuziba nyufa. Hapa niliharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Ghorofa ya tatu walikuwepo wahasibu 14. Nilikadiria joto la chumba kabla paa halijapakwa, nikaagiza viyoyozi viwili vya BTU 24,000. Vilipofika paa lilikuwa jeupe na vizuizi vimefungwa, joto limeshapungua sana, nami nikavifunga vivyo hivyo. Kisha nikaziba kila upenyo kwa silikoni, hata matundu ya juu ya madirisha. Mwezi wa pili baada ya hapo dada wa masjala akaniita, akavuta kabati lililoegemea ukuta. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umetapakaa kama masizi ya jikoni, na majalada yamelainika, ukiyashika yananata vidoleni. Kipimo kinasoma nyuzi 22, unyevu asilimia 78. Kumbe kila ikifika saa tisa watu walikuwa wanaumwa kichwa, wakidhani ni wingi wa kazi.

Kiyoyozi kilichozidi mahitaji kinafikisha baridi upesi, kompresa (pampu ya gesi ya kupozea) inazima kabla hewa haijakauka. Chumba kinakuwa baridi na bado kibichi. Tena kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ile ile mliyokwisha kuipumua. Ilibidi nitoe silikoni juu ya dirisha moja, niweke feni ndogo ya kuingiza hewa yenye filta, na viyoyozi nibadilishe kwa vidogo vya inveta, vinavyopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Ukuta niliupaka upya kwa fedha yangu, ilikuwa haki yao.

ONYO: Usihesabu BTU kabla hatua ya 3 haijaisha.
ONYO: Usizibe chumba bila kuweka njia ya hewa ya nje.
ONYO: Usipake rangi juu ya ukungu. Usugue, ukuta ukauke, ndipo upake.

Hatua ya 6. Feni za dari, na kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 au 26. Feni inampoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo mkitoka izimeni.

MASWALI

Mwenye duka: Mkuu nimepitia juujuu. Chumba mita 5 kwa 6, BTU ngapi?

Jibu: Hujataja paa, dirisha linatazama wapi, wala watu wangapi. Rudi hatua ya 3 na ya 5.

Mwanafunzi wa ufundi: Shikamoo fundi. Hewa ya nje ya Dar si ndiyo yenye unyevu? Ukiiingiza huongezi ukungu?

Jibu: Marahaba, umeuliza la maana. Inaleta unyevu kweli, hasa kipindi cha kaskazi. Ndiyo maana inaingizwa kwa kipimo: lita 8 hadi 10 kwa sekunde kwa kila mtu, saa za kazi tu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kiyoyozi cha saizi sahihi kinazunguka muda mrefu polepole, kinaukausha. Usiku feni izimwe. Ukipata kipimo cha kaboni dayoksaidi, lenga chini ya sehemu 1,000 kwa milioni (ppm); nje ni kama 420.

Mpangaji: Rangi nyeupe ni kupoteza hela. Nilipaka mwaka juzi, joto limerudi.

Jibu: Umeliosha mara ngapi tangu hapo? Bati lenye vumbi la miaka miwili si jeupe tena. Panda ulitazame kabla ya kulaumu rangi.

Msimamizi wa jengo: Fundi anataka kuweka gesi ya kupozea ya R410A kwenye kiyoyozi changu cha R22.

Jibu: Mkatalie. R410A ina presha kubwa zaidi, mashine ile haikutengenezwa kuibeba. R22 yenyewe inaondolewa sokoni, na nchi zetu ukomo mkuu ni 2030. Kikiharibika kompresa, usikifufue.

Mgeni wa Unguja: Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na chokaa. Tupige plasta ya saruji tuzibe unyevu?

Jibu: Hapana, tafadhali. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Saruji inafungia maji ndani na plasta inabanduka. Tumieni chokaa, na rangi ya chokaa. Ukuta ule unakunywa joto mchana na kulitoa usiku, basi fungueni madirisha ya juu usiku upoe. Na mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, ombeni kibali kabla ya kugusa nje.

Mgeni wa Unguja: Ahsante fundi. Madirisha ya juu yamepigiliwa mbao zamani.

Jibu: Anzeni na hizo mbao. Wekeni wavu wa mbu na nondo za chuma, kisha nitumie vipimo vya wiki ya kwanza.