Kabla Hujaanza Kulea Kundi la Sisimizi Nyumbani

Watu wengi huanza kwa kutafuta kiota kizuri. Mimi ningeanza na kabati lenye giza, lisilotikiswa na mlango wala spika, kwa sababu mwanzoni malkia hahitaji kitu kama anavyohitaji utulivu.

Malkia wa aina nyingi za sisimizi akishapandwa hutua, hujing'oa mabawa na kujifungia chini peke yake. Hali wala hatoki. Misuli aliyorukia huyeyuka mwilini mwake ikawa chakula cha watoto wake wa kwanza. Kwa hiyo nyumba yake ya kwanza ni neli ya kioo ya maabara: theluthi moja maji, kisha pamba iliyoshindiliwa mpaka ikayagusa maji, kisha nafasi yake, na mdomoni pamba kavu inayopitisha hewa. Itengeneze siku mbili tatu kabla, uilaze. Pamba ikiwa na unyevu tu, sawa. Ukiona maji yanachuruzika upande wa pili, itengeneze upya, kwani dimbwi dogo tu linatosha kumzamisha.

Ukishamweka, ifunike neli kwa kitambaa cheusi na umwangalie mara moja kwa wiki, basi. Wangu wa kwanza nilikuwa namfunua kila jioni na kummulika kwa tochi. Alikuwa na mayai kumi hivi, meupe, yamegandana mithili ya chembe za sukari. Siku ya tisa hayakuwepo. Aliyala mwenyewe, na mpaka leo naumia nikikumbuka, maana kosa lilikuwa langu. Kwenye joto la nyuzi 24 hadi 28, wafanyakazi wa kwanza huonekana baada ya wiki nne hadi nane kwa aina nyingi. Huwa wadogo kuliko kawaida. Usidhani ni wagonjwa.

Hakikisha pia unajua umemshika nani. Kumbikumbi ni mchwa, si sisimizi: kiuno chake ni kinene na vipapasio vyake havina kiwiko. Siafu waache kabisa, kwa kuwa malkia wao haanzi maisha peke yake; kundi zima hugawanyika. Zipo pia aina ambazo malkia lazima awinde wakati wa kulea, na huyo ukimfungia bila chakula atakufa. Na kutokuwa na mabawa si ushahidi kwamba amepandwa. Kwa kawaida mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu.

Chakula kiwe tayari kabla wafanyakazi hawajatoka: tone la maji ya sukari, na kipande kidogo cha mdudu aliyechemshwa ili kuua utitiri. Usichukue mdudu mahali panapopuliziwa dawa. Mabaki yatoe kesho yake, kabla hayajaota ukungu.

Kiota kikubwa kisubiri hadi wafike ishirini au thelathini. Nafasi tupu wataigeuza jalala, na unyevu hutaumudu. Siku hiyo paka mafuta ukingoni mwa boksi la kiota ili wasipande wakatoroka.

Halafu piga hesabu ya miaka. Malkia mmoja wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustanini, aliishi kifungoni zaidi ya miaka 28. Mtafute malkia wa hapo hapo ulipo, usiagize wa nchi nyingine, kwa sababu kundi geni likishatoroka halirudishiki.