Bustani ya mtaa imekufa? Weka soko la jioni, ila anza na mfereji

Karibu kila mji una ile bustani ambayo nyasi zimeisha, benchi zimevunjika na usiku mtu hathubutu kupita. Soko la jioni linaweza kuifufua kabisa, na mfano tunao, Forodhani pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Ilitengenezwa 1936 kwa jubilii ya Sultan Khalifa bin Harub, baadae ikachakaa sana, mpaka shirika la Aga Khan likaitengeneza upya ikafunguliwa tena Julai 2009. Watu wakienda wanaona pweza, mishkaki na urojo, lakini kazi iliyoibeba ile bustani ni ukuta wa bahari, mabomba, mifereji na taa.

Kwahiyo usikimbilie meza. Kwanza nenda ukae pale asubuhi, mchana, magharibi na usiku, uangalie watu wanakatiza wapi, maana vile vinjia walivyovikanyaga wenyewe ndo njia zako, ukiweka meza juu yake watakuchukia bure. Afu subiri mvua kubwa, uone maji yanatuama wapi, hapo ndo mfereji unaanzia.

Meza zipange pembeni, upande wa barabara, katikati pabaki bustani na miti na watoto wakimbie. Hili naliomba sana, kwa sababu nimeona sehemu meza zimejaa mpaka katikati na baada ya mwaka hamna bustani tena, kuna soko tu lenye miti miwili. Njia acha mita tatu hivi ili mwenye mkokoteni na mwenye mtoto mgongoni wapishane. Chini weka pevingi, usimwage zege kwenye shina la mti, mizizi inataka maji na hewa.

Moshi nao una kwao! Ukiwa pwani kumbuka kusi na kaskazi, upepo unageuka, kwahiyo majiko ya mkaa yawe ya kuhamishika, yasijengewe. Mafuta ya kukaangia na makaa ya moto ndo vinaua miti kimya kimya, mtu anamwaga usiku akifunga, asubuhi huoni kitu, baada ya miezi mti unakauka. Weka pipa la chuma la majivu na dumu la mafuta machafu, na pipa dogo la vijiti vya mishkaki, vinachoma miguu ya watoto.

Taa ziwe nyingi na za chini, ziangaze njia na benchi, sio kuangaza angani. Choo chenye maji ni lazma, bila choo akina mama na wazee hawakai, na wasipokaa wao hiyo bustani inarudi kulekule.

Kabla ya kujenga chochote chora meza zote chini kwa chokaa, mfanye soko Ijumaa moja, nyingine, mrekebishe. Na wale wachuuzi waliokuwepo tangu zamani, muuza kahawa, mama wa mihogo, waandikwe wa kwanza, wao wanaijua ile sehemu kuliko mchoraji yeyote.

Mwisho kila meza ipewe mti wake. Mwenye meza aumwagilie dumu moja la maji la lita 20 kabla ya kupanga vyombo, na kiangazi madumu mawili.