Kuvuta tela la kambi kwa pikapu ya kawaida: uzito, nyaya na mteremko wa Kitonga

Pikapu ya dizeli ya tani moja, ile ya toleo la chini isiyo na vikorombwezo, inavuta tela dogo la kambi bila kulalamika. Kazi ipo kwenye kusimama, na kwenye kulifanya tela lifuate gari badala ya gari kufuata tela. Maelezo haya ni ya pikapu aina ya Hilux, gia za mkono, springi za majani nyuma, isiyo na towba (chuma cha nyuma ya gari cha kufungia tela) wala soketi ya tela kutoka kiwandani. Tela lenyewe ni la ekseli moja, lina hema juu, jiko, friji na tangi la maji. Safari tuliyoifikiria ni Dar es Salaam hadi Ruaha kupitia Mikumi na Iringa.

Kwanza mizani

Muuzaji atakuambia tela lina kilo 450. Hizo ni likiwa tupu. Ongeza maji lita 100, ambazo ni kilo 100; hema na godoro 60; friji iliyojaa 45; mtungi wa gesi wa kilo 15 pamoja na chuma chake, kama 30; betri 25; tairi la akiba 30; vyakula, sufuria, meza na viti havipungui 80. Umeshafika kilo 820, na mkaa bado haujapakiwa. Pikapu nyingi za daraja hili zimewekewa kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Kwa hiyo ama maji uyajaze Iringa, ama tela liwe na breki zake. Sisi tunasema breki, hata kama hesabu yako inaishia 700.

Usikisie. Maghala makubwa ya nafaka na wanunuzi wa chuma chakavu wana mizani ya magari, na kupima ni suala la dakika chache. Pima tela peke yake, kisha pima pikapu ikiwa na abiria wote na mzigo wote, tela likiwa limefungwa ila magurudumu yake yakiwa nje ya mizani. Kipimo hicho cha pili kilinganishe na kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Watu wengi huchunga uzito wa tela wakasahau kwamba mkono wa tela, yaani chuma chake cha mbele kinachofungwa garini, unaikalia pikapu, juu ya watu watano na majenereta.

Uzito huo wa mkono ndio unaoamua kama utafika umetulia au unatetemeka. Lenga asilimia 10 ya uzito wote wa tela: kwa kilo 800, mkono ubonyeze kilo 80, mradi kikomo kilichogongwa kwenye towba kinaruhusu. Kuupima hakuhitaji fundi. Weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa kabari, chukua mizani ya kupimia watu, simamisha gogo juu yake, kisha teremsha kichwa cha mkono juu ya gogo kikiwa kwenye urefu uleule kinaokaa kikifungwa garini. Ukipata kilo 40, vitu vizito viko nyuma mno. Sogeza betri na sanduku la vyakula mbele ya ekseli. Ukipata 120, rudisha kidogo. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli. Kuni zinazofungwa nyuma kabisa dakika ya mwisho, pamoja na baiskeli za watoto, ndizo zinazogeuza tela zuri kuwa mkia wa kenge.

Towba

Towba ifungwe kwenye chesisi, kila upande kwa boliti zisizopungua mbili, zenye alama 8.8 kichwani. Usikubali kuchomelewa kipande cha chuma kwenye bampa. Boliti za bampa ziliwekwa kushika bampa tu, na matuta ya Mikumi yatazilegeza kabla hujaiona Iringa.

Tufe la chuma lililo kwenye towba, ambalo kichwa cha mkono hukaa juu yake, liwe na kipenyo kinacholingana na kichwa cha tela. Kwetu kawaida ni milimita 50, lakini matela yaliyotoka Marekani huja na kipimo cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti haionekani kwa macho, ila kichwa cha 50 hakijifungi sawasawa juu ya tufe la 50.8, na kichwa cha inchi 2 hucheza juu ya tufe la 50 hadi kikakosa adabu. Tufe lililolika hadi milimita 49 libadilishwe.

Tela likishafungwa likae sawa, lisiinue pua. Pikapu ikiinama sana nyuma, taa za mbele zitawapiga wenzako machoni na usukani utakuwa mwepesi. Kuongeza jani kwenye springi kunasaidia mkao, ila hakubadilishi hata kilo moja ya kile kibao cha mlangoni.

Breki za tela

Kwa pikapu isiyo na kitu, breki ya kusukumwa ndiyo nafuu: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, mkono unarudi ndani na breki zinajibana zenyewe. Haihitaji umeme wala kidhibiti ndani ya kabini. Ubaya wake ni miwili. Ukirudi nyuma kwenye kilima inajibana pia, kwa hiyo kwenye tela la zamani lazima uweke kizuizi chake kabla ya kurudi, na ukumbuke kukitoa. Pili, kwenye mteremko mrefu inabana muda wote na ngoma za breki zinapata moto.

Nyaya

Soketi ya pini 7 inatosha kwa taa. Mpangilio ni huu: pini 1 manjano, indiketa ya kushoto, 2 bluu, taa ya ukungu, 3 nyeupe, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi), 4 kijani, indiketa ya kulia, 5 kahawia, taa ya nyuma kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, taa ya nyuma kushoto. Kwa taa unatosha waya wa milimita mraba 1.5, kwa ethi 2.5. Friji usiichukulie umeme humu: ipe waya wake kutoka kwenye betri ya gari, milimita mraba 6 au zaidi, na fyuzi karibu kabisa na betri.

Ethi ndiyo mgonjwa wa kila siku. Ukikanyaga breki ukaona indiketa zinawaka hafifu, au ukiwasha indiketa ya kulia taa zote zinapepesa, usiguse balbu. Fuata waya mweupe. Utaukuta umefungwa kwa skrubu juu ya rangi. Kwangua hadi chuma king'ae, kaza upya, paka grisi. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, upande huo balbu imekufa, au umeweka taa za LED ambazo flasha ya gari haizitambui.

Kufunga

Teremsha kichwa juu ya tufe, funga komeo, kisha zungusha jeki ya mkono kana kwamba unalinyanyua tena. Nyuma ya pikapu ikiinuka pamoja na tela, limeshika. Kikichomoka, umeshukuru Mungu ukiwa bado nyumbani. Minyororo pitisha msalaba chini ya mkono, ili ukianguka udakwe. Waya wa breki ya dharura, unaobana breki za tela likichomoka, funga kwenye chesisi, kamwe usiuzungushe kwenye tufe. Pandisha kigurudumu cha jeki hadi juu.

Nati za magurudumu za milimita 12 kaza kwa takriban Nm 100, rudia baada ya kilomita 50, na tena 200. Kila unaposimama, gusa habu (kitovu cha gurudumu) kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja, beringi imekazwa mno au haina grisi. Fungua kofia, kaza nati huku ukizungusha gurudumu hadi liwe zito, kisha ilegeze hadi tundu la pini linalofuata. Beba beringi za upande mmoja, sili, pini na kopo la grisi. Habu yenye moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kunyonya maji ndani, hivyo kabla ya kuvuka subiri ipoe.

Barabarani

Nenda 80. Basi likikupita kwa kasi litakusukuma kwanza, kisha litakuvuta, na tela litaanza kuyumba. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki na usijaribu kulisahihisha tela kwa usukani. Kila sahihisho linachelewa na kuzidisha yumbo. Likirudia kwenye 70, simama uhamishe mzigo mbele.

Kitonga, mlima ulio kati ya Mikumi na Iringa, unapanda ukienda Iringa, kwa hiyo mtihani wa kwanza ni joto la injini. Shuka gia mapema, zima kiyoyozi, angalia mshale. Kurudi ndiko kwenye kazi: kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado juu, ingiza gia ya tatu au ya pili na ubaki nayo. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, zipumue. Ukizilalia kilomita nzima, utasikia harufu kama ya ngozi inayoungua, na pedali itaanza kwenda chini. Hapo ni kusimama, sio kupoza kwa maji. Chini kabisa, egesha na unuse ngoma za tela pia.

Kwenye vumbi lenye migongo kama bati, punguza upepo wa matairi ya tela hadi psi 22 na mwendo uwe 40. Ukirudi lami, rudisha kipimo cha awali.

Kurudi nyuma, tela fupi hugeuka haraka na kwa sababu ni fupi hulioni. Funga fimbo mbili zenye vitambaa kwenye kona zake za nyuma. Weka mkono chini ya usukani: ukiupeleka kulia, tela linaenda kulia. Likishajikunja, nenda mbele unyooshe, uanze upya.

Kambini, kabari kwanza, kisha komeo. Wanaofungua komeo kwanza ndio wanaoonekana wakikimbiza tela kuelekea mtoni.