Nazi mbili, wali wa watu sita, na sakafu juu yake

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Ngamiani, na jikoni kwetu nazi haikosekani. Bibi mzaa mama alikuwa wa Pangani. Kwake nazi ilikuwa inagawanywa kwanza, kupikwa baadaye: maji ya mtoto aliyekaa karibu, tui la chungu, machicha ya sakafu na kuku, kumbi la masufuria, kifuu cha moto. Siku hizi kila mtu ana siri yake ya jikoni ya kutumia wenzake kwenye simu, na ukimuuliza kama ameijaribu, anakwambia naye katumiwa. Mimi ushauri wa nyumbani naujaribu kwanza kwenye sufuria kuukuu, au pembeni mwa sakafu chini ya kitanda, ndipo niupe kazi. Haya ninayoandika nayafanya kwa mikono yangu. Mawili matatu niliyoyakataa nitayasema pia.

Tuanze sokoni. Mgandini wauzaji wengi wameshazifua nazi, kwa hiyo unachagua kwa mkono na sikio. Pima uzito mkononi, kisha itikise sikioni. Unataka nzito inayolia maji. Isiyolia kabisa lakini nzito ni koroma, imejaa maji na nyama yake bado changa. Tui lake litakuwa jepesi hata ukamue mpaka kesho. Nyepesi isiyolia maji imeshakauka kuwa mbata, hiyo waachie wakamua mafuta. Kisha tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe bila kuona haya, hata muuzaji akikununia.

Nyumbani, shika nazi kiganjani juu ya bakuli, igonge katikati kwa mgongo wa panga huku unaizungusha. Itapasuka yenyewe vipande viwili. Usiikate kwa makali, hapo ndipo watu wanapojikata vidole. Maji yaonje kabla ya kitu kingine chochote. Yakiwa matamu, endelea. Yakiwa machachu, au yana ladha ya sabuni, nyama imeshaharibika na hakuna kiungo kitakachoificha. Kila nazi ipasulie kwenye bakuli lake na uinuse peke yake. Waliosema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wanasema watu, lakini kwenye tui ni kweli tupu: nusu moja iliyochacha inakumalizia chungu kizima.

Kaa kwenye mbuzi, kuna ukizungusha kifuu, na uache ukifika kwenye ngozi ya kahawia. Ukiikuna hiyo ngozi, tui linafanya rangi ya vumbi na uchungu kidogo. Mwenye blenda na atumie blenda, sina ugomvi naye. Akate vipande vidogo na aibandue ngozi kwanza.

Kwa watu sita nachukua nazi mbili, na maji ya vuguvugu, siyo ya moto wala ya baridi. Baridi haitoi mafuta vizuri, na ya moto yanakufukuza usikamue sawasawa. Maji ya kwanza ni vikombe 2: kanda nazi humo kwa vidole kwa muda, kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi, weka tui hilo pembeni. Hilo ndilo tui zito, usilichanganye na kitu. Maji ya pili vikombe 3, maji ya tatu vikombe 3, haya yachanganye pamoja kuwa tui jepesi. Ukipata tui zito vikombe viwili na nusu hivi na jepesi kama vikombe sita, hesabu imekaa sawa.

Wali sasa. Vikombe 4 vya mchele. Mimi napenda wa Mombo, lakini wowote usiovunjikavunjika unafaa. Chambua, osha mpaka maji yaache kuwa meupe, chuja. Bandika vikombe 5 vya tui jepesi na chumvi, na hapa usitoke jikoni. Tui linataka kukorogwa polepole, upande mmoja, mpaka lichemke. Ukiliacha lichemke lenyewe kwa moto mkali linakatika, mafuta yanapanda juu na chini yanabaki maji yenye vipande vipande. Likishachemka tia mchele, koroga mara moja, acha wazi. Subiri maji yashuke mpaka yalingane na mchele na uone vishimo vidogo vinapumua juu. Hapo ndipo unamwaga kikombe 1 cha tui zito, unageuza kwa mwiko kutoka chini mara moja tu, unafunika na kupunguza moto.

Wa mkaa, chota makaa machache yenye moto uyapange juu ya mfuniko. Kupalia huku ndiko kunakoivisha juu bila kuunguza chini. Wa gesi hawezi kupalia. Aweke kitambaa kibichi kilichokamuliwa kuzunguka mdomo wa sufuria ili mvuke usitoke, ncha zake azikunje juu zisifikie moto, na moto uwe wa mwisho kabisa. Baada ya dakika 15 hadi 20 fungua, chukua punje moja ibonyeze kwa vidole. Ikiwa na kiini, nyunyiza maji ya moto kidogo na ufunike tena. Ukiwa mashendea, mchele wako ulikuwa mpya, maana mchele mpya unakunywa maji kidogo kuliko wa zamani. Safari nyingine punguza nusu kikombe. Ndiyo maana mimi nikinunua mchele wa gunia jipya napika kwanza kikombe kimoja cha majaribio, kabla sijapikia wageni.

Na mbaazi. Kikombe kimoja na nusu cha mbaazi kavu, ziloweke usiku, asubuhi mwaga maji hayo, zichemshe kwa maji mapya mpaka uibonyeze moja ulimini isambaratike. Kuna kanuni tuliyokuzwa nayo wote, kwamba ukitia chumvi mapema mbaazi haziivi. Nilibandika sufuria mbili pamoja, moja na chumvi na nyingine bila, za mfuko mmoja na moto mmoja. Zikaiva pamoja. Kinachochelewesha ni uchachu: nyanya, ukwaju, ndimu. Basi nyanya kama unaipenda itie zikishalainika. Magadi nayo huziivisha haraka, lakini ukizidisha kidogo zinakuwa uji na zinanuka sabuni, kwa hiyo mimi siyatii. Kama mbaazi hazilainiki hata kwa kuloweka, ni za zamani sana, muulize muuzaji msimu gani.

Zikiiva, acha maji kidogo tu, tia kitunguu kilichokatwa, pilipili hoho, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, na tui jepesi lililobaki. Likichemka na kupungua, mwaga tui zito lililobaki, koroga mpaka litokote mara moja, epua. Pilipili mbuzi itupie nzima juu bila kuipasua, ili anayetaka harufu apate harufu na anayetaka kulia ajipasulie mwenyewe kwenye sahani yake. Mume wangu ni wa kundi la pili.

Sasa usimwage machicha.

Machicha yaliyokamuliwa mara tatu bado yana mafuta, na mafuta hayo ndiyo mali. Kwa sakafu ya saruji nyekundu fanya hivi: fagia, piga deki, acha ikauke kabisa. Tandaza machicha konzi moja moja, sugua kwa nusu ya kumbi huku unasogea nyuma kuelekea mlangoni. Yaache kidogo, yafagie yote, kisha sugua tena kwa kumbi kavu au gunia mpaka mkono uteleze. Kumbi muombe muuza nazi anayefua mwenyewe, kwa kawaida atakupa bure kwa kuwa kwake ni taka. Sakafu itapata mng'ao mzito wa utulivu, siyo ule wa rangi ya dukani. Masharti ni mawili. Kwanza fagia machicha yote mpaka kwenye pembe, la sivyo sisimizi watakuja na ukoo mzima. Pili usijaribu kwenye vigae: vigae havinywi mafuta, yanabaki juu, na mtu mzima atateleza avunje nyonga. Dada yangu mwenye nyumba ya vigae huwa namwambia machicha yake ampe kuku, na kuku hawajawahi kulalamika.

Kumbi lenyewe ukilichambua nyuzi ukalikunja kama yai, unapata kisugulio cha masufuria kinachoshinda vile vya chuma kwa kuwa hakiachi vipande vya waya kwenye chakula. Chovya kwenye majivu yaliyochekechwa, sugua nje ya sufuria penye masizi. Sufuria zile zisizoshika chakula usiziguse kwa kumbi, utaondoa utando wake.

Kuhusu ndani ya sufuria ya alumini iliyoingia weusi, wengi watakwambia chemsha magadi au baking soda. Mimi nasema hapana. Ukoko ulioungua utaachia kweli, lakini alumini yenyewe inazidi kuwa nyeusi, maana magadi huila alumini. Tia maji na ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto, chemsha dakika 10, acha ipoe, sugua kwa kumbi. Uchachu unarudisha weupe. Maji hayohayo ya ukwaju yanafaa kwa sinia na vikombe vya shaba: paka, sugua kwa majivu, suuza vizuri, kausha hapohapo.

Vifuu navyo vinawaka kwa nguvu na haraka, vizuri kwa kuwashia mkaa na kwa yale makaa ya kupalia. Viwashe nje, moshi wake wa mwanzo si wa kuchezea. Watu huchoma makumbi jioni kufukuza mbu, na ni kweli mbu hupungua uani moshi ukiwepo. Ukiisha wanarudi. Usiuingize moshi ndani wanapolala watoto, na chandarua kibaki palepale.

Ukiwa na nazi nyingi zinazokaribia kuharibika, kamua tui zito tu, libandike kwa moto mdogo uliache likatike kwa makusudi. Hapa ile kanuni ya kukoroga unaigeuza. Maji yataisha, mafuta yatajitenga, na chini vitabaki vikapi vya kahawia. Chuja kabla vikapi havijaungua, weka kwenye chupa iliyokauka kabisa. Tone la maji likiingia mafuta yanavunda. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi utayakuta yameganda meupe kwenye chupa. Hayajaharibika, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iweke juani, yatayeyuka.

Kazi ninayoyapendea zaidi mafuta haya ni fenesi. Paka mikononi na kwenye kisu kabla hujalipasua, ulimbo hautashika. Ukisahau na ulimbo umeshashika, sabuni haitakusaidia, rudi kwenye mafuta yaleyale, sugua, ndipo unawe kwa sabuni.

Lakini yasipakwe kwenye jeraha la moto. Nasema hili kwa ukali kwa sababu kila mtaa una shangazi anayekimbilia chupa ya mafuta mtoto akiungua, au dawa ya meno, au asali. Mafuta yanafungia joto kwenye ngozi. Weka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, siyo barafu, kisha ifunike kwa kitambaa safi. Malengelenge makubwa, uso, viganja, au mtoto mdogo, ni kituo cha afya moja kwa moja. La pili ninalolikataa ni kuchanganya Jiki na siki au ndimu ili choo king'ae zaidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na chooni hakuna pa kukimbilia. Tumia kimoja, suuza, siku nyingine kingine.

Wali wa nazi hauvumilii joto la Tanga. Uliopikwa mchana ukiachwa mezani, usiku unaanza kuvuta nyuzi na kunuka uchachu, kwa sababu ya tui. Hata ambao haujanuka usiuamini kwa kuwa utaupasha: kuna vijidudu vya mchele ambavyo sumu yake haiondoki kwa moto. Mwenye friji autandaze kwenye sinia upoe upesi, aufunike na kuuweka ndani kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Asubuhi upashe wote mpaka utoe mvuke, na chai ya rangi ya tangawizi. Asiye na friji apunguze mchele uwe vikombe 3, tui jepesi liwe vikombe vitatu na nusu. Tui zito asilipunguze, libaki kikombe kilekile 1, na ukoko aubandue ungali wa moto.